Nilivyofufua simu iliyokwama kwa kosa la butiloda

Mafundi wengi hapa Busia, upande wa Uganda, wakiona Odin, programu ya kompyuta ya kuwekea simu za Samsung mfumo upya, imeandika FAIL kwa rangi nyekundu hukimbilia kubadilisha waya, halafu draiva, halafu kompyuta nzima. Mimi huanza na skrini ya simu. Odin hukwambia kazi imeshindikana. Simu ndiyo hukwambia sababu, kwa maandishi madogo pale juu ambayo wengi hawayatazami.

Hivi ndivyo nilivyoifufua Samsung Galaxy A12 ya mama mmoja anayeuza dagaa sokoni. Ilikuwa imegoma kwenye nembo, na fundi mwingine alikuwa ameshajaribu kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo upya, akashindwa.

"Mwanangu, picha za harusi ya binti yangu zimo humo," aliniambia. "Nisaidie zisipotee."

"Nitajitahidi, mama. Ila kwanza niache niisome."

Nilibana kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti hadi ikazimika, kisha nikabana vile viwili vya sauti huku nikichomeka waya wa USB. Ikaingia hali ya kuflashi. Faili alilotumia yule fundi nililipata kwake, nikalijaribu macho yakiwa kwenye skrini. Ikaandika: SW REV CHECK FAIL, DEVICE 5, BINARY 4.

Jibu lote lilikuwa hapo. Butiloda ni programu inayoamka kwanza unapowasha simu, na ndiyo inayokagua kila kitu kinachotaka kuingia. Tano ni namba ya butiloda iliyomo ndani ya simu, nne ni ya faili. Simu ilikuwa imeshasasishwa, na faili lilikuwa la zamani. Samsung ikipandisha namba hiyo, fyuzi ndogo ndani ya chipu huungua, na fyuzi iliyoungua hairudi. Kwa hiyo hata ubadilishe nyaya kumi, faili la nne haliingii kwenye simu ya tano. Linalotakiwa ni la tano au la juu zaidi.

Namba hiyo unaijua kabla hujamaliza bando lako kupakua giga kadhaa. Chukua jina la toleo la programu, hesabu herufi na tarakimu zake kutoka mwisho kurudi nyuma: ya tano ndiyo yenyewe. Ikipita tisa, huendelea kwa herufi, A, B na kuendelea.

Kwa A12 kuna mtego mwingine. Zipo mbili zenye jina hilohilo: SM-A125F yenye chipu ya MediaTek, na SM-A127F yenye Exynos. Ya mama ilikuwa A127F. Kwa nje huwezi kuzitofautisha kwa haraka, kwa hiyo soma modeli kwenye skrini ile ya kuflashi, usiamini kasha.

Hapohapo nilitazama mstari wa KG STATE. Ukisoma Locked, simu hiyo imefungwa, mara nyingi kwa sababu ya mkopo, na kazi hiyo siishiki; mwenyewe akamalizane na aliyemkopesha. Ya mama haikuwa na kizuizi.

Nikapata faili sahihi, nikaweka BL (butiloda), AP (mfumo wenyewe) na CP (sehemu ya mtandao wa simu) kila moja mahali pake. Kwenye nafasi ya CSC, yaani mipangilio ya nchi na mtandao, niliweka HOME_CSC, kwa sababu CSC ya kawaida hufuta kila kitu na HOME_CSC huacha data ya mwenye simu. Wanaoweka CSC bila kumuuliza mteja wanamkosea sana. Nilitumia laptopu yenye chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika butiloda simu inaweza kufa kabisa.

Odin ikaandika PASS kwa kijani. Uwashaji wa kwanza ulichukua muda, mama akawa na wasiwasi, nikamwambia tusiiguse. Ilipofunguka, picha zote zilikuwepo. Kabla hajaondoka nilizinakili kwenye kadi ya kumbukumbu, nikamwonyesha namna ya kuongeza picha nyingine humo.