Nilivyodai Mishahara Yangu kwa Kampuni Iliyofilisika

“Una miaka mitatu, haraka ya nini?” Watu wasiopungua saba waliniambia hivyo baada ya kiwanda cha katoni nilichokuwa mtunza ghala wake, hapa Nairobi, kufungwa tukiwa tunadai mishahara ya miezi mitano. Mmoja wao alikuwa binamu yangu, ambaye amewahi kushinda kesi moja na tangu hapo hujiona wakili. Hawakusema uongo: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miaka mitatu ya kufungua kesi inayotokana na mkataba wa kazi. Walichosahau ni kwamba kampuni yetu ilikuwa imeshawekwa kwa amri ya mahakama chini ya mfilisi, yaani mtu anayeuza mali ya kampuni na kuwagawia wadai fedha, na mfilisi ana kalenda yake mwenyewe.

Nami kwa kiburi nikaamua kuwaonyesha wote kwamba sihitaji hata hiyo miaka mitatu. Mwezi wa nne baada ya lango kufungwa nilikwenda Milimani nikiwa nimevaa koti la harusi, nikafungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, madai yakiwa yameandikwa kwa mkono wangu katika kurasa kumi na moja, nikieleza hata jinsi meneja alivyokuwa akitupigia kelele. Karani alipokea, akagonga muhuri, nami nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Siku ya kutajwa kwa kesi, wakili wa mfilisi, kijana mpole sana, alisimama na kusema maneno yasiyozidi matatu ya maana: hakuna idhini ya mahakama. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inasema kwamba amri ya ufilisi ikishatolewa, kesi dhidi ya kampuni haianzishwi wala haiendelezwi bila idhini hiyo. Kurasa zangu kumi na moja zikasimama hapo hapo. Nilikuwa nimetumia kama shilingi elfu kumi na kitu, ukijumlisha nauli na nakala, na koti nilikuwa nimelifua bure.

Kijana yule ndiye aliyenifaa kuliko washauri wangu wote, kwani tulipokuwa tukitoka aliniuliza, “Mzee, fomu ya kuthibitisha deni uliwasilisha?” Sikuwa nimeisikia. Kuwasilisha deni kwa mfilisi hakuhitaji idhini ya mtu yeyote, lakini tangazo lake lilikuwa limeweka tarehe ya mwisho, na zilikuwa zimebaki siku tisa. Anayechelewa anaweza kukuta mgawo umeshatolewa kwa wengine.

Shida ilikuwa ushahidi. Kumbukumbu za mishahara zilizomfikia mfilisi ziliishia mwezi tuliolipwa mwisho, na kwa miezi mitano iliyofuata hatukupewa hata karatasi ya malipo. Taarifa ya benki ilionyesha tu kwamba fedha hazikuingia, na hilo halithibitishi kwamba nilifanya kazi. Usiku wa tatu nilikumbuka kitu. Kila mzigo ulipoingia ghalani, hata katika miezi ile ya dhiki ambapo gundi na karatasi zililetwa kidogo kidogo, nilitia sahihi hati ya kupokelea bidhaa, nikaipiga picha na kuituma kwa mhasibu kwa WhatsApp. Nilifungua simu, nikarudi nyuma picha moja moja mpaka saa tisa za usiku, na zote zilikuwamo: sahihi yangu, tarehe, mara nyingine na kidole changu gumba pembeni. Nilichapisha sitini na tatu, nikaziambatisha kwenye hati ya kiapo, na kamishna wa viapo akaniuliza kama ninafungua studio. Fomu ilifika zikiwa zimebaki siku mbili.

Deni lilikubaliwa, ingawa si lote kwa daraja moja. Kipaumbele, yaani kulipwa kabla ya wadai wa kawaida, hupewa mishahara ya miezi minne kabla ya ufilisi kuanza, pamoja na likizo ambazo hazikuchukuliwa na fidia ya kupunguzwa kazi, ambayo ni angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Lakini jumla yenye kipaumbele haizidi shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Miezi hiyo minne huhesabiwa kurudi nyuma tangu ufilisi kuanza, wala si tangu siku uliyoachishwa, kwa hiyo waliotangulia kuondoka mapema walijikuta nje kabisa.

Na ile miaka mitatu nayo haina huruma. Jirani yangu aliyeajiriwa kwingine alingoja ahadi za mwajiri, akiamini kwamba mazungumzo yanasimamisha muda, akaenda mahakamani miezi miwili baada ya miaka hiyo kuisha. Mahakama haina uwezo wa kuuongeza.

Mimi nililipwa laki mbili zangu baada ya mwaka na nusu hivi. Mshahara wa ule mwezi mmoja uliozidi minne na salio la fidia bado viko kwenye foleni ya wadai wa kawaida, na nilipopiga simu mara ya mwisho niliambiwa kwamba lori moja la kampuni bado halijapata mnunuzi.