Bunduki ya Upepo ya Mjomba

Karanga za mjomba zilifukuliwa mara ya pili Aprili 2018, kwenye shamba la nusu eka nje kidogo ya Arua, Uganda. Alikuwa amepanda Red Beauty, ile nyekundu inayokomaa kwa siku 90 hivi, kwa mistari iliyoachana sentimita 45. Mwenye kosa alijulikana: kindi wa chini, yule mwenye mstari mweupe ubavuni anayelala shimoni. Akishaujua mstari haachi kitu. Anachimba kishimo cha kwanza, anakula mbegu, anasogea kishimo cha pili, na ukija saa nne asubuhi unakuta mashimo yamepangana vizuri kama ulivyopanda wewe.

Kindi huyu huumiza karanga katika vipindi viwili tu. Cha kwanza ni zile siku kumi baada ya kupanda, kabla mche haujashika. Cha pili ni wiki tatu za mwisho, maganda yakiwa yamejaa. Hasara ya kipindi cha pili ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana ganda lililotobolewa likabaki ardhini hushika ukungu, na ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu. Panya hula usiku, na kwao mitego inatosha kabisa. Kindi hutoka mchana jua likishapanda, anasimama kwa miguu ya nyuma juu ya kichuguu na kuangaza. Mtego anauzunguka, mbwa wa mjomba alichoka kumfukuza, na watoto walikuwa shule. Hapo ndipo mjomba alipotaja bunduki ya upepo, ile inayorusha risasi kwa hewa iliyobanwa badala ya baruti.

Hakukimbilia dukani. Uganda ina Sheria ya Silaha ya 1970, na raia hamiliki silaha bila cheti. Kwa hiyo tulianzia kituo cha polisi kuuliza, tukaambiwa hata ya upepo iandikwe kabla ya kununuliwa. Kisha mjomba akamwona afisa wa wilaya anayeshughulikia wanyama waharibifu, maana wanyama wa porini nao wana sheria yao, ya 2019 ikiwa ndiyo ya sasa. Akaruhusiwa kindi na panya ndani ya shamba lake, na si ndege yeyote. Makaratasi yalikula wiki kadhaa. Nayapita haraka hapa, lakini asiyeyaanza mapema atajikuta na bunduki asiyoweza kuitoa nje ya nyumba.

Mwishoni mwa Juni tukapanda basi la usiku kwenda Kampala: mjomba, mimi, na mzee jirani yetu aliyestaafu jeshini, ambako alifanya kazi miaka mingi karakana ya silaha. Wote tunamwita Afande. Mjomba alikuwa na shilingi laki tisa za kila kitu, pamoja na risasi na mafuta ya sili, kile kizibo kinachozuia hewa kuvuja ndani ya bunduki. Muuzaji, mtu mwenye leseni yake, alitandika turubai nyuma ya duka akaweka bunduki tatu. Mwishoni mwa uwanja palikuwa na tuta la udongo refu kuliko mtu. Afande alilitazama tuta kabla ya kuzitazama bunduki.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ya risasi yenye upana wa milimita 4.5, ya springi, na sandukuni imeandikwa futi 1,200 kwa sekunde. Muuzaji aliisifu kwa namba hiyo. Afande akaomba kalamu. Futi 1,200 ni kama mita 366 kwa sekunde, na mwendo wa sauti hewani ni kama mita 340. Risasi ya bunduki ya upepo ina kichwa, kiuno na sketi. Hutulia hewani kwa sababu ya umbo hilo na kwa kuzungushwa na mifereji ya mtutu. Ikitoka kwa kasi ya sauti au kuizidi, mawimbi ya hewa huitikisa na shabaha huharibika. Isitoshe, namba za namna hiyo kwa kawaida hupatikana kwa risasi nyepesi za aloi. Weka risasi ya kawaida na kasi hushuka sana.

Kisha akaandika hesabu nyingine, ambayo mimi naiona ndiyo ya kumfaa mnunuzi. Nguvu ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena. Risasi ya milimita 5.5 yenye gramu 0.95 ikienda mita 180 kwa sekunde inabeba juli 15 na zaidi kidogo. Risasi ya 4.5 yenye gramu 0.53 inahitaji kama mita 240 kwa sekunde kufika hapo hapo. Uingereza, bunduki ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha huishia futi-pauni 12, yaani kama juli 16, na kwa nguvu hiyo watu wa kule huwinda sungura. Kindi ni mdogo kuliko sungura. Nguvu ilikuwa inatosha kwenye bunduki yoyote nzima pale. Kilichobaki kujulikana ni kama risasi ya pili inaingia ilikoingia ya kwanza.

Tukaijaribu. Karatasi mita 20, risasi tano, kitako kimelazwa juu ya mfuko wa mchanga kwa mkono wazi. Bunduki ya springi haishikwi kama ya jeshini, na Afande mwenyewe alisema ilimchukua siku nyingi kulizoea jambo hili. Ukivuta kifyatulio, springi inasukuma pistoni mbele na bunduki inaruka nyuma. Pistoni ikifika mwisho inagonga mto wa hewa na bunduki inaruka mbele. Yote mawili hutokea risasi ikiwa bado mtutuni. Ukiibana kwa nguvu, kila mbano ni tofauti na kila risasi inakwenda kwake. Iache ilale kwenye kiganja, bega liguse tu, iruke inavyotaka, mradi iruke vile vile kila mara.

Tano zile zilitawanyika kwa upana wa sentimita saba. Kifyatulio kilikuwa kizito, cha kuvuta mpaka mkono utetemeke, na springi ilikuwa na nguvu kupita mwili wa bunduki. Risasi mbili za mwanzo zilitoa moshi na mlio mkali wa kupasuka. Muuzaji akafurahi akidhani ni nguvu. Afande akamweleza kwa upole kwamba kuna mafuta mbele ya pistoni, hewa ikibanwa inapata joto na kuyachoma, kama injini ya dizeli inavyofanya. Bunduki mpya hufanya hivyo kidogo mpaka mafuta ya kiwandani yaishe. Anayetia mafuta ya injini au ya kupikia kwenye tundu la hewa anaendeleza moto huo, na matokeo yake ni sili kuungua na springi kuvunjika. Mafuta ya silikoni, tone moja, tena kwa nadra, ndiyo ya sili.

Ya pili ilikuwa ya tangi, inayojazwa hewa mpaka shinikizo la baa 200. Lazima niseme kweli: ndiyo iliyolenga vizuri kuliko zote. Haina mruko, na tano zake zilikaa karibu tundu moja. Lakini bila pampu yake ni gogo, na pampu ya mkono ya baa 200 pamoja na bunduki vilivuka bajeti mbali sana. Hewa ya pampu inabeba unyevu, unyevu unakaa ndani ya tangi na vali, na pete zake za mpira zikianza kuvuja Arua hakuna wa kukuzibia. Mwenye fedha na fundi aichukue. Mjomba aliishika mara mbili, akairudisha.

Ya tatu ilikuwa kuukuu, ya 5.5, ya kukunja mtutu, kitako cha mbao kilichochubuka. Bei yake laki sita na nusu. Hapa Afande alikaa chini kabisa.

Aliikunja, akahakikisha haina kitu, akachungulia ndani ya mtutu akielekeza upande wa pili kwenye mwanga. Mifereji ilionekana wazi, bila kutu. Angekuta imelainika, alisema, angejua mwenyewe alikuwa akipiga gololi za chuma, ambazo hukwangua mifereji na hurudi nyuma zikigonga kitu kigumu. Akaukunja tena taratibu asikilize: springi nzima hujikunja kwa sauti moja, iliyovunjika hukwaruza kama changarawe kwenye debe. Ilikuwa laini. Akaufunga mtutu, akaushika karibu na ncha, akausukuma kushoto na kulia. Ukicheza hata kidogo, msumari wa bawaba umelegea au umelika. Kulegea kunakazwa, kulika ni kuachana nayo. Haukucheza.

Muuzaji akataka kuifyatua bila risasi kutuonyesha kifyatulio. Afande aliweka kiganja juu ya mkono wake. Bila risasi mtutuni hakuna mto wa hewa wa kuizuia pistoni, inagonga chuma kwa chuma, na mara chache tu za mchezo huo zinatosha kupasua sili.

Tano za kwanza zilinivunja moyo. Zilipangana juu na chini, kama urefu wa kidole. Nikadhani imekwisha. Lakini kupangana wima kuna maana yake: kasi inabadilika, ya juu imekwenda haraka na ya chini polepole. Afande akachana ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, akaulaza juu ya maungio ya mtutu, akapiga risasi tutani. Ukanda ukaruka. Hewa ilikuwa inatokea kwenye pete ya mpira inayoziba maungio.

"Mjomba, usitoe pesa bado," nikasema.

"Nyamaza kwanza, mwanangu, mwache Afande amalize."

Muuzaji alikuwa na pakiti ya pete hizo. Ile ya zamani ilikuwa imebapa na kuwa ngumu kama kucha. Afande aliitoa kwa sindano, akasafisha mfuo wake, akaweka mpya ikatokeza juu ya chuma kidogo sana, unene wa karatasi chache, ili mtutu ukifungwa iminywe. Kisha akachukua bisibisi akakaza skrubu mbili za mbele ya kitako na moja ya nyuma. Zote tatu zilikuwa zimelegea, na mimi tangu siku ile nimeona hilo kwenye karibu kila bunduki ya springi inayolalamikiwa kwamba hailengi. Mruko wake hulegeza skrubu kila siku. Ukanda wa karatasi safari hii haukutikisika. Tano zilizofuata mjomba alizifunika kwa sarafu ya shilingi 500.

Darubini hatukununua, ingawa muuzaji alitupunguzia. Mruko wa kwenda mbele huvunja darubini ya kawaida, ile iliyotengenezwa kuhimili mruko wa nyuma peke yake, na vishikio vyake huteleza visipokuwa na pini ya kuzuia. Kwa mita 20, vilengeo vya chuma na jicho zima vinatosha. Pesa hiyo ilikwenda kwenye risasi: makopo mawili, ya vichwa vya mviringo, ya aina mbili tofauti, kwa sababu kila mtutu una risasi unayoipenda na huwezi kujua bila kupiga. Zenye kichwa bapa ni nzuri kwa karatasi, zenye ncha kali mara nyingi hazitulii. Kiswahili chenyewe kinakukumbusha zimetengenezwa kwa nini: risasi ni jina la madini pia, na madini hayo ni sumu. Mjomba alinunua na sabuni ya kuacha mlangoni, tena akakataza kuku kuingia upande wa kichuguu, wasije wakazidonoa.

Cheti kilipokamilika na bunduki kufika Arua, katikati ya Julai, maganda yalikuwa yamejaa. Hatukumpiga kindi yeyote siku tatu za kwanza. Tulirekebisha kilengeo kwa mita 20 na kuzijaribu zile aina mbili. Moja ilikaa ndani ya sarafu, nyingine ilitoka. Tukapiga na mita 30 ili kuona, risasi ikashuka kama sentimita 5. Kwa kichwa cha kindi hizo ni tofauti kati ya kufa papo hapo na kujeruhiwa akaingia shimoni kufia huko kwa siku mbili, na mjomba alisema hilo halitatokea shambani kwake.

Akakata vigingi vya mkalitusi. Alichagua vichuguu viwili ambavyo kindi walipenda kusimamia, vyote vipana, na nyuma ya vyote viwili hakuna njia wala paa la mabati, maana risasi iliyokosa huweza kwenda mita mia kadhaa. Kutoka kila kichuguu akapima kwa kamba mita 20, akachimbia kigingi na kukifunga kitambaa chekundu. Mpigaji hukaa kwenye kigingi, goti moja chini. Kindi akiwa juu ya ncha, mbingu ikiwa nyuma yake, hapigwi. Husubiriwa ashuke mpaka udongo uwe nyuma yake. Mtutu haukunjwi mpaka kindi ameonekana, kwa sababu springi iliyoachwa imekunjwa saa nzima huchoka.

Wiki ya kwanza alipiga watatu, kwa risasi nne. Jioni bunduki iliingia sanduku la chuma chumbani kwake, risasi zikakaa kwenye kabati la mke wake, na ufunguo wa sanduku ukawa shingoni mwa mjomba, kwenye uzi mmoja na ule wa ghala la karanga.