Siku Tuliyohudhuria Wote

Tangazo lilibandikwa Jumatano mchana, juu kabisa ya matangazo ya vyumba vya kupanga na ya watu wanaochapa ripoti. Lilikuwa na mhuri na mistari michache tu: mwanafunzi ambaye mahudhurio yake yatakuwa chini ya asilimia 75 katika kozi yoyote hatafanya mtihani wa mwisho, kusaini ni mara mbili, kipindi kikianza na kikiisha, mlango wa ukumbi utafungwa dakika kumi baada ya muda wa kipindi. Ilikuwa Machi 2014, muhula wa pili wa mwaka wangu wa kwanza katika chuo kimoja cha binafsi Dar es Salaam. Ile asilimia 75 haikumshtua mtu. Ilikuwamo kwenye kitabu cha kanuni tangu tunasajiliwa, ukurasa mmoja na katazo la kupika bwenini, na mabweni yote yalinukia maharage. Kilichotushtua ni mlango.

Utawala nao ulikuwa na sababu zake, tusiwaonee. Muhula uliotangulia mkuu wa kitivo aliingia bila taarifa kwenye kipindi cha DS, yaani Maendeleo, somo ambalo mwaka wa kwanza wote tulilisoma pamoja, wa ualimu, wa biashara na wa sheria. Alikuta watu wa kujaza Hiace moja na nusu. Karatasi ya mahudhurio ilipomfikia mezani ilikuwa na saini zaidi ya 300.

Mafundi wa kazi hiyo ya kuwasainia wasiofika tuliwajua. Mmoja, kijana wa Kigoma aliyependa kukaa safu ya nyuma karibu na dirisha, alitembea na kalamu nne: mbili za bluu zisizofanana, moja nyeusi, na moja iliyokuwa inavuja, ambayo aliitunza kwa sababu inavuja. Rafiki yake aliyeandika kwa mkono wa kushoto alimlazia saini kuelekea nyuma. Saini ya dada mmoja wa Songea ilikuwa na kimkia kinachokata mstari wa chini, na kimkia hicho hakukisahau hata siku moja. Malipo yake yalikuwa chipsi kavu. Wengi tuliokuwa tunasainiwa tulikuwa na madesa (notisi za somo) ya kutosha, na mwalimu wa somo alikuwa akisoma madesa hayohayo kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Mtu mwenye macho yake angeyasoma mwenyewe kwenye kimbweta (benchi la nje la kujisomea) chini ya mwembe, tena kwa utulivu zaidi.

Mimi nilikuwa nakaa Mbezi kwa Msuguri, kwa baba mkubwa. Anayeikumbuka Morogoro Road ya wakati ule hana haja ya kuelezwa, lakini wapo waliokuja mjini baadaye. Barabara ilikuwa imechimbwa kuanzia Kimara kushuka mjini kwa ajili ya njia za mabasi ya mwendokasi, magari yote yamesukumiwa pembeni, vumbi jua likiwaka, tope masika yakianza. (Mabasi yenyewe yalianza kubeba abiria Mei 2016, sisi tukiwa tunakaribia kuaga chuo.) Ukisimama Kwa Msuguri kusubiri daladala la kwenda mjini, linafika limeshajaa hadi mlangoni. Kwa hiyo saa 10:30 alfajiri nilikuwa navuka barabara, napanda linalokwenda Mbezi Mwisho, kisha nageuza nalo. Unalipa nauli mbili, lakini unapata siti na unaweza kusinzia mpaka Ubungo. Pale mataani usingizi unaisha wenyewe, maana gari likisimama linasimama kweli. Nauli ya mwanafunzi usiulize. Kwa makonda, mwanafunzi ni mwenye sare, ukimwonyesha kitambulisho cha chuo anakuambia, "Wewe mzee mzima, una bumu, toa hela." Bumu ndiyo hela ya mkopo wa mwanafunzi.

Kipindi cha kwanza kilikuwa saa 1:30 asubuhi. Saa 1:40 mlinzi alikuwa anafunga. Alikuwa mzee mpole, tulizoea kumwamkia na kumnunulia kahawa, naye akapewa kufuli jipya la Solex na funguo mbili, moja yake na moja ya ofisi. Ukigonga anakuja mpaka kwenye kioo, anakutazama kwa huruma, anatikisa kichwa. "Wanangu, na mimi nina mkataba," ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtu. Tulikuwa na mwenzetu aliyefanya kazi ya ulinzi usiku huko Mikocheni. Alitoka lindoni saa 12 asubuhi akaja moja kwa moja, hajavua hata sare, na akafungiwa nje na mlinzi mwenzake. Walitazamana kupitia kioo. Sisi tuliokuwa nje naye tulicheka mpaka tukasahau tumefungiwa, yeye hakucheka.

Hapo ndipo kanuni ilipokuwa imeelekea vibaya. Waliokuwa wanalala bwenini hadi saa nne na kusainiwa, sasa waliamka, wakatembea hatua chache, wakaingia. Walioumia ni wa Mbezi, wa Gongo la Mboto, wa Mbagala, wanaofundisha tuisheni, wenye watoto wachanga. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ulikuwa unatolewa kwa asilimia, na aliyepata asilimia ndogo, au aliyekosa kabisa, ilimbidi afanye kazi ili ada itimie. Sasa anafungiwa nje ya kipindi ambacho anakifanyia kazi ili akilipie. Katikati ya Aprili mvua zikanyesha zile ambazo mji mzima unazikumbuka, Jangwani pakawa ziwa, na mlango ukafungwa saa 1:40 vilevile.

Tulikutana jioni kwenye vimbweta. Wenye damu moto walitaka mgomo: tusiingie darasani, tuandamane hadi jengo la utawala, mabango yaandikwe usiku huohuo. Kijana mmoja wa sheria alihutubia kama yuko bungeni. Nilikuwa namsikiliza huku nikimwaza baba mkubwa, ambaye juzi yake nilipomgusia suala hilo aliweka kijiko chini. Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za tarehe 22 Oktoba 1966. Nikasema kidogo. Akanisimulia yote: wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa mishahara, Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao, zaidi ya watu 300. "Na wale walikuwa wasomi wa nchi, wachache, wanahitajika," akasema baba mkubwa. "Nyinyi mnalipa ada. Wakiwafukuza wanapoteza nini? Septemba wanakuja wengine." Sikupenda alivyosema, ila sikuwa na jibu. Kila mmoja pale alijua mkondo wa mgomo ulivyo: chuo kinafungwa kwa muda usiojulikana, mnaambiwa muondoke kabla ya saa kumi, mnarudi mmoja mmoja na barua ya mzazi, na kuna majina ambayo hayarudi.

CR wetu, yaani mwakilishi wa darasa, alisubiri wote wamalize. Alikuwa dada mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa masomoni, na wote tulimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Alikuwa amekaa na daftari mapajani.

"Jamani, tumekatazwa nini hasa?" akauliza.

Mtu akasema: kuchelewa na kukosa.

"Haya. Kuja tumekatazwa?"

Kimya.

"Ukumbi wa DS viti havifiki 200, nimevihesabu. Sisi tunazidi 400. Wanataka mahudhurio, basi Jumatatu tuwape mahudhurio. Kila mtu. Hata wewe," akamnyooshea kidole wa Kigoma, "na uje na kalamu moja."

Kijana wa sheria alilalamika kwamba huo si mgomo. Mwalimu akamwambia ndiyo maana hakuna atakayefukuzwa.

Jumapili usiku bwenini palikuwa na kubebana ambako sijapata kukuona tena. Kitanda cha mtu mmoja kilibeba watatu, wa Mbezi na wa Mbagala wote walilala pale ili wasichelewe, na mimi nililala miguuni pa watu wa biashara ambao hadi leo siwajui majina. Saa 1:10 ukumbi ulishajaa. Saa 1:20 watu walikuwa wamekaa kwenye ngazi za katikati, kwenye madirisha, kwenye jukwaa la mwalimu, mpaka chini ya ubao. Hakuna aliyepiga kelele wala kuimba. Mwalimu, CR wetu, alikuwa ametuma meseji usiku: nguo za heshima, daftari, kalamu yako, mdomo ufungwe. Feni zilikuwa mbili na moja ilikuwa haizunguki tangu tunafika chuoni.

Mwalimu wa somo alifika saa 1:35 akasimama mlangoni na begi lake. Hakuwa na pa kuweka mguu. Watu walijibana akapita, akafika mezani, akafungua dawati kutafuta chaki huku binti mmoja amekaa karibu na goti lake. Saa 1:40 mlinzi akafunga mlango, na nje walibaki kama mia hivi ambao hawakupata pa kuingilia ingawa walikuwa wamewahi.

Kanuni ilisema kusaini kwanza. Karatasi ikaanza safu ya mbele. Kila mmoja alitafuta jina lake kwa utaratibu, akaandika namba yake ya usajili yote, akasaini, akamkabidhi jirani. Hakuna aliyemsainia mwenzake. Wa dirishani ilibidi karatasi iwafikie juu ya vichwa vya watu. Karatasi ilipofika katikati ya ukumbi, saa mbili na robo ilikuwa imeshapita, na mwalimu wa somo alikuwa amesema neno moja tu, "Tafadhalini," mara kadhaa. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. Alijaribu kuanza kufundisha karatasi ikiendelea kuzunguka. Mwalimu wetu CR akanyoosha mkono, kwa adabu kabisa, akasema waliokuwa hawajasaini wanaogopa kuandika notisi kabla hawajahesabiwa kuwa wamehudhuria. Kipindi kilikuwa cha muda wa saa mbili. Karatasi ya mwanzo iliporudi mezani, ilibidi karatasi ya mwisho itoke.

Mtu fulani alikuwa amempigia simu mkuu wa kitivo. Alikuja na mlezi wa wanafunzi, wakakuta wale mia wa nje wamekaa kwenye korido wamenyamaza, daftari zimefunguliwa. Mlango ukafunguliwa, hewa ya ndani ikawapiga usoni, nao wakarudi hatua moja. CR akatoka akawaamkia.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Hawa wote ni wa darasa lako?"

"Ndiyo, Dokta. Wamehudhuria."

"Na hawa wa nje?"

"Nao wamehudhuria, Dokta. Mmewafungia."

Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha CR akafungua daftari lake akatoa kitu ambacho sisi wengine tulikuwa hatukijui. Kila CR hupewa fomu ya mahudhurio ya walimu: tarehe, saa aliyoingia, mada, saini. Wengi huijaza mwisho wa muhula kwa pamoja, kama kutimiza wajibu tu. Yeye alikuwa ameijaza kila siku. Aliwapa nakala. Kulikuwa na kozi ambayo mwalimu wake alikuwa ameonekana chini ya nusu ya vipindi, kwa sababu alikuwa anafundisha kwa mkataba katika vyuo vingine viwili, jambo ambalo hata wauza chipsi walilijua. Hakusoma kwa sauti, hakumtaja mtu. Alisema tu, "Hii nayo mliniagiza nijaze, Dokta."

Jumanne tulifanya vilevile, na Jumatano. Alhamisi viongozi wa wanafunzi na ma-CR waliitwa kikaoni, wakakaa humo hadi magharibi, na wakatoka na mengi kuliko tulivyotarajia. Kufuli liliondolewa. Kusaini ikawa mara moja, na kwenye semina tu, ambako watu ni wachache na mwalimu anakujua sura. Mwenye barua ya mwajiri au ya hospitali akakubaliwa. Asilimia 75 ilibaki, na nadhani ilistahili kubaki. Semina niliyolazimika kuhudhuria muhula ule ndiyo pekee ambayo bado nakumbuka tulijadili nini. Yule mwalimu wa vyuo vitatu alianza kuonekana, akiwa amenuna. Mlinzi alibaki na Solex lake na akalitumia kufungia baiskeli.

Lakini pia waliamua kuigawa DS kuwa mikondo miwili, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa umeshapangiwa masomo mengine wiki nzima, mkondo wa pili ukapewa Jumamosi asubuhi. Tulishangilia orodha ilipobandikwa, kwa dakika chache. Kisha Wasabato walianza kujikusanya mbele ya ubao mmoja mmoja, wakitafuta majina yao, na karibu nusu yao walikuwa mkondo wa Jumamosi. Wakamwendea CR wakiwa kundi. Alikuwa anakula wali maharage kwa mama ntilie nje ya geti, hajala tangu asubuhi. Aliwasikiliza, akafuta mkono, akachukua daftari.

"Andikeni majina na namba za usajili," akasema. "Na mnipe mpaka Jumatatu."