Eti Nyie Mmezaliwa na Mgongo Ulionyooka

Wiki iliyopita darasani kwetu hapa Uingereza, ninakosomea ualimu wa mbinu ya Alexander, alikuja mwalimu mgeni, mzee mwenye jina kubwa kwenye fani hii. Akatupitia mmoja mmoja, akigusa shingo ya kila mtu. Kufika kwangu akatabasamu, akawaita wenzangu waje wamtazame huyu dada: kwao wanawake hubeba maji kichwani toka utotoni, ndiyo maana mgongo umenyooka hivi, kwao ni jambo la asili. Kisha akachomoa kitabu kwenye rafu, akaniwekea utosini, nitembee waone. Makofi yakapigwa kabla sijainua hata mguu.

Jamani. Mimi mtoto wa Sinza. Maji yalikuja kwa mkokoteni, madumu ya lita 20, na kazi yangu ilikuwa kubishana bei na kijana wa watu pale getini. Kichwani nimewahi kubeba begi la shule tu, tena siku za mvua, nisilowe nywele. Nikakitoa kile kitabu, nikakirudisha mahali pake, nikamwambia kwa adabu zote kwamba ada nalipa sawa na wenzangu, kwa hiyo naomba na mimi nifundishwe. Akacheka. Nimepanda basi nimefura, na bado nimefura hadi leo ninapoandika haya.

Kwa wasioijua mbinu hiyo (mama yangu akiwemo, yeye majirani huwaambia "mambo ya mifupa"), ni kujifunza kukaa, kusimama na kutembea bila kujikaza. Aliyeianzisha ni Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania, Australia, mwaka 1869. Kazi yake ilikuwa kughani mashairi na tamthilia jukwaani, na sauti ikawa inamkauka katikati ya onyesho. Madaktari wakamwambia apumzike. Akipumzika inarudi, akipanda jukwaani inaondoka tena. Akajiwekea vioo, akaanza kujichunguza. Akagundua kwamba kila akitaka kughani anavuta kichwa nyuma, anakandamiza koo na kutweta. Akajaribu kujirekebisha, ikashindikana, maana lile kosa alishalizoea na mwili ulikuwa ukimwambia ndiyo sawa. Ikabidi aanze na kujizuia kwanza: hamu ya kutenda ikija, uikatalie, halafu uiache shingo ilegee, kichwa kiende mbele na juu, mgongo urefuke na upanuke. Alihamia London mwaka 1904, akafungua darasa la kwanza la kufundisha walimu mwaka 1931, akafariki 1955.

Ualimu wenyewe ni miaka mitatu, saa 1,600. Watu wa nyumbani wakiuliza tunafanya nini saa zote hizo, nawajibu ukweli: tunajifunza kukaa kwenye kiti na kuinuka. Wanakata simu wakicheka. Lakini hebu simama mbele ya kiti sasa hivi, jiambie unataka kukaa, usikae bado. Sikiliza kisogo. Kuna kitu kimeshakaza huko nyuma kabla goti halijakunjika. Hicho ndicho tunachotafuta, na mwalimu mzuri anakisikia kwa vidole vyake vilivyotulia chini ya fuvu lako, bila kukuvuta wala kukusukuma. Miezi ya mwanzo hata kumgusa mtu huruhusiwi. Kutwa unashika mgongo wa kiti, vidole vimenyooka, dole gumba upande wa pili, unajichunga mabega yasipande wala pumzi isizuiliwe. Mkono uliojikaza unampa mwenzako huohuo mkazo wako, ndiyo maana unafundishwa wewe kwanza, ukaiva, ndipo uguse mtu.

Mimi nilifika huku kwa maumivu ya mgongo, kama wengi. Wabeba boksi wenzangu mnaelewa: nilikuwa nahudumia wazee, zamu za usiku, kugeuza watu vitandani, winchi ya kunyanyulia imeharibika na fundi anakuja "kesho". Mmoja wa niliowahudumia alikuwa bibi aliyewahi kupiga selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, enzi zake. Siku moja nainama nimvalishe soksi akaniambia, "Mwanangu, shingo umeikaza kabla hujanigusa." Nikadhani uzee. Kumbe huku wanamuziki na waigizaji wanafundishwa haya vyuoni. Royal College of Music yamo, RADA, chuo cha uigizaji, yamo. Juma lililofuata nikakuta bahasha kwenye mfuko wa koti langu, hela ya masomo ya mwanzo na namba ya mwalimu wake. Kazi ile hairuhusu zawadi, na yeye alijua, ndiyo maana aliificha. Sijawahi kufanyiwa hivyo na mtu nisiyechangia naye hata kabila. Somo moja la chini ya saa nzima lilikuwa pauni 50. Zigeuzeni madafu wenyewe; Mbagala ni kodi ya chumba miezi miwili na LUKU juu.

Na dawa ya mgongo ilikuwa kweli, siyo maneno ya mtaani. Kuna utafiti ulichapishwa kwenye jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 2008, wagonjwa 579 wa maumivu sugu ya mgongo. Baada ya mwaka mmoja, wale waliopata huduma ya kawaida tu walikuwa na siku 21 za maumivu ndani ya wiki nne. Waliopewa masomo 24 ya mbinu hii, siku 3. Ndiyo maana nikaamua kusomea.

Sasa turudi kwa yule mzee na sifa zake, maana nataka mwelewe kwa nini zimeniuma. Kwenye fani nyingine, ukiambiwa una kipaji cha asili, unashukuru. Kwenye hii, asili na mazoea ndivyo vitu usivyotakiwa kuviamini. Msingi wote ni kujua unachokifanya, kwa akili iliyo macho. Na Alexander mwenyewe, kwenye kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1910, aliwagawa watu hivyohivyo: wastaarabu wanaoweza kujitawala kwa akili, na "washenzi" wanaoendeshwa na silika. Nimeyasoma mwenyewe, yamo. Walimu wengi wa leo wanayakiri na wanayaonea haya, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini ukiniambia mbele ya darasa kwamba wenzangu wanajifunza na mimi nimezaliwa nacho, umenirudisha kwenye ukurasa uleule, ila safari hii umeupaka sukari. Na kama kweli nimezaliwa nacho, basi nipunguzieni ada.

Kuna wanaonijibu kwamba sayansi imethibitisha wanawake wa Afrika hubeba mizigo kwa wepesi. Naijua hiyo sayansi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Wakaonekana wanaweza kubeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Jambo kubwa, na najivunia. Ila waliofanya uchunguzi Afrika Kusini baadaye hawakuuona huo unafuu kwa kila mbebaji, na waliowauliza wanawake wenyewe waliambiwa habari za shingo na migongo inayouma.

Mimi sikuhitaji jarida. Bibi yangu mzaa mama, Lushoto, alibeba kuni na mikungu ya ndizi kwenye miteremko ile toka akiwa binti. Alikuwa na ngata yake ya khanga kuukuu, aliisokota hadi ikawa ngumu kama tofali, na katikati ya utosi nywele zilikuwa zimekwisha. Alitembea wima, ndiyo, mzungu angempiga picha. Uzeeni hakuweza kugeuza shingo kumtazama anayemsalimia. Aligeuka mwili mzima. Usiku tulimkanda mafuta ya nazi ya moto. Hakuna aliyemfundisha namna ya kubeba, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kubeba. Leo nilipie ada niambiwe yeye ndiye alikuwa mfano wa mbinu?

Tena Afrika mbinu hii haikufika jana. Mwaka 1948 Alexander alishinda kesi ya kuchafuliwa jina huko Johannesburg, akalipwa fidia ya pauni 1,000, baada ya jarida la serikali kumwita tapeli. Waliokuwa wakibishana pale walikuwa wazungu kwa wazungu. Wapagazi wa mjini uleule, waliokuwa wakipita na mizigo, sidhani kama kuna aliyewataja.

Inbox imejaa, kwa hiyo nijibu hapa. Mnaotaka kuja kusomea: kwanza uliza kama shule ina kibali cha kudhamini viza ya mwanafunzi, maana nyingi ni vyumba viwili na meza tatu za kulalia, usitegemee. Pili, siyo digrii, mkopo wa serikali hakuna. Tatu, yeyote anaweza kujiita mwalimu wa Alexander hapa Uingereza, sheria haimzuii, kwa hiyo tafuta shule inayotambuliwa na chama cha walimu, STAT, kilichoanzishwa 1958, la sivyo utarudi na cheti cha kufungia maandazi. Na mnaosema mtakuja kwa kazi ya wazee halafu mtajua mbele ya safari, mlango huo kwa walioko nje umefungwa tangu Julai 2025. Wakala anayekuambia bado upo wazi anataka hela yako. Ukimaliza, ajira haikusubiri mahali. Unatafuta wateja mwenyewe mmoja mmoja, kama fundi cherehani anayeanza kibarazani.

Mimi nipo mwaka wa mwisho na tunaruhusiwa kufundisha watu wa kujitolea, mwalimu akiwa pembeni. Waliopo London mashariki, hasa manesi na wahudumu wa wazee, njooni, bei ni ya kuchangia chai. Vaa suruali, siyo gauni, utalala chali magoti juu na vitabu chini ya kichwa. Na tafadhali msiniandikie tena kuuliza kama nakanda. Sikandi.