Pamba Iliyooza Katika Mshono wa Mashua

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu kwa jina la Yesu Kristo. Tafakari ya juma hili naiandika nikiwa na mzigo moyoni, kwa hiyo mnivumilie nikianza na habari zangu mwenyewe.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya akina mama kanisani kwetu hapa Bagamoyo. Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba sote tutavaa sare ya kitenge kimoja, nami ndiye niliyekusanya michango, nikachagua kitambaa, na asubuhi hiyo nikawapanga akina mama mlangoni kwa ajili ya kuingia kwa maandamano. Akaja mama mmoja mjane, jirani yangu ambaye nimesali naye kwa miaka mingi, akiwa amevaa gauni lake la siku zote, lililofuliwa na kupigwa pasi vizuri, na kanga mabegani. Nilimshika mkono nikamtoa mstarini, nikamwomba akakae benchi la nyuma ili safu isiharibike. Sikumfokea, nilikuwa hata natabasamu. Kisha nikaingia kanisani nikiimba.

Usiku ule Yakobo sura ya pili ilinijia bila kuitwa, pale mwenye mavazi mazuri anapoambiwa aketi mahali pazuri, na maskini anaambiwa, “Simama wewe pale.” Somo hilo nimewahi kulifundisha mwenyewe katika ibada ya nyumba kwa nyumba, tena kwa ukali.

Jumanne nilikwenda ufukweni kununua samaki, nikamkuta fundi mmoja mzee akiikalafati mashua iliyopandishwa mchangani, yaani akiziba kwa pamba mishono ya mbao zake isiingize maji. Ubavu wake ulikuwa umepakwa rangi ya buluu iliyong’aa, nami nikaisifu. Mzee hakunijibu neno. Alichukua patasi, akaipenyeza katika mshono kati ya mbao mbili, akavuta nje pamba ndefu nyeusi iliyooza, inayonuka, iliyolowa maji ya chumvi, akaiweka juu ya mchanga karibu na miguu yangu. Ndipo aliponieleza kwamba mwenye chombo alikuwa amepaka rangi bila kukalafati, na mashua ikamwingizia maji safarini. Sasa mshono wote lazima ufunguliwe kutoka tezi hadi omo, ukauke, ndipo igongwe pamba mpya iliyoloweshwa mafuta.

Nilisimama pale kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujiona.

Ndugu zangu, sisi tunapoomba kufanywa upya, mara nyingi tunamwomba Mungu agonge pamba mpya juu ya ile iliyooza. Tunataka furaha ya wokovu, lakini kinyongo tunachomwekea shemeji tangu msiba wa mwaka juzi tumekiacha palepale kilipo. Tunataka upako, lakini ile tamaa ya kutajwa jina wakati wa matangazo hatutaki iguswe. Daudi hakuomba hivyo. Aliomba, “Ee Mungu, uniumbie moyo safi,” naye aliomba hivyo baada ya kufunuliwa mbele ya nabii Nathani, mshono wake ukiwa wazi na uvundo wake ukiwa nje. Kufunguliwa huko kunauma, na hakuna aliyewahi kufanywa upya akakuepuka. Patasi ya Bwana haipiti juu juu. Inaingia pale ambapo mbao mbili zinakutana, yaani pale ninapokutana na jirani yangu, na pale ndipo pamba yangu ilipokuwa imeoza.

Sisi watu wa pwani tunajua kwamba mafuta ya papa yanayopakwa vyombo huitwa sifa. Sifa huusaidia ubao usipasuke kwa jua, lakini hakuna nahodha anayetegemea sifa kuziba mshono. Nami nimeishi miaka kadhaa nikijipaka sifa za watu, nikisikia nikiitwa mama wa maombi, huku maji yakiingia chini.

Sisemi kwamba sare ni dhambi. Ni nzuri, na kwa wengine ni faraja ya kweli kujiona kuwa wamoja na wenzao. Lakini naomba niseme kwa upendo na bila kuficha: tumefika mahali ambapo mama asiye na fedha ya kitenge anaona heri abaki nyumbani siku ya Bwana, na sisi viongozi tunamwandika kuwa mtoro. Tunahesabu waliovaa, hatuhesabu waliolia. Bwana Yesu alisema juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, nasi tunaoishi katika mji huu wa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa tunajua jinsi ukuta unavyoweza kumeremeta kwa nje na kumomonyoka kwa ndani.

Tena tukumbuke tulikotoka. Wamisionari walipoanzisha misheni hapa mwaka 1868, watu waliojaza kanisa lao na kijiji kilichokuwa kando yake walikuwa wale waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao watoto, ambao hawakuwa na kitu cha kuvaa isipokuwa walichopewa. Imani ilianza katika mji huu kwa watu wa namna ile. Je, mimi ningewapanga wapi siku ile ya Jumapili?

Paulo anasema utu wetu wa nje unachakaa, lakini utu wetu wa ndani unafanywa upya siku kwa siku. Siku kwa siku, wapendwa, si siku ya sikukuu.

Alhamisi jioni nilikwenda kwa yule mama. Alikuwa uani akimenya mihogo, akanisogezea kigoda, akaendelea kumenya. Niliomba msamaha bila kueleza sababu za maandamano wala safu, maana nilipojaribu kuzitafuta sababu njiani niliona zote ni rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nimekusamehe, Mama Mwenyekiti.” Kwa miaka yote tuliyojuana alikuwa akiniita dada. Nilikaa, nikachukua kisu cha pili, tukamenya mihogo mpaka ikaisha, na wakati wa kuagana aliniita hivyo tena.