Kumbukumbu ya mradi: kuhamishia kilalio cha mshale juu ya koo la mpini

Kazi ya awamu hii ni moja tu. Upinde ulio mezani ni wa kampaundi (wenye magurudumu na kebo), nguvu ya pauni 50, mvuto wa inchi 28 (urefu wa kuvuta upote, yaani kamba ya upinde), na ulikuja na kilalio cha mshale, kibebeo ambacho mshale hulala juu yake, kilichofungwa sentimita 5 nyuma ya koo la mpini, yaani upande wa mpigaji. Koo ni pale mpini unapobonyea zaidi, panapokaa kiganja kati ya gumba na shahada. Kilalio sasa kinapelekwa mbele hadi kiwe juu ya koo lenyewe.

Kurudisha kilalio nyuma kulipendwa sana miaka ya 1980, na sababu yake inaeleweka: mshale unakuwa mfupi, mwepesi, na unakwenda kasi zaidi. Gharama yake huonekana kwenye hesabu. Mvuto wa inchi 28 hupimwa hadi sehemu iliyo inchi 1¾ mbele ya koo, kwa hiyo kutoka koo hadi kwenye upote uliovutwa kikamilifu ni inchi 26¼, au milimita 667. Upinde ukisokoteka mkononi kwa digrii 1, unazungukia kooni. Kilalio kilicho juu ya koo hakiendi popote. Kilicho milimita 50 nyuma kinahama pembeni karibu milimita 0.9, na kwa kuwa toka hapo hadi kwenye upote kuna milimita 617 tu, mshale unaelekea pembeni kiasi cha sentimita 7 kwenye umbali wa mita 50. Duara la kumi kwenye shabaha ya sentimita 80 lina upana wa sentimita 8, yaani sentimita 4 kutoka kitovu. Hiyo ni sehemu ya kilalio peke yake. Kilengeo, kifaa cha kulengea, nacho kinahama, ila hilo ni suala la kurekebisha baadaye. Kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo wa upinde, zinaruhusu kilalio kiwe nyuma ya koo hadi sentimita 6, kwa hiyo kilipokuwa hakikuvunja sheria. Kwa mkono ambao haujatulia bado, ruhusa hiyo haina faida.

Bapa jipya la kushikilia kilalio limekatwa kwenye alumini ya unene wa milimita 6. Ya milimita 3 inapatikana kirahisi zaidi, lakini inatetemeka kila mshale unapotoka, na bolti zinalegea. Mfereji wa bolti una upana wa milimita 8.2 na urefu wa milimita 50: tundu zimetobolewa kwa mstari, kisha zimeunganishwa kwa tupa.

Bolti ndiyo inayoharibu pinde nyingi. Tundu la kilalio kwenye kiunzi (sehemu ngumu ya katikati ya upinde, yenye mpini) ni la inchi 5/16, meno 24 kwa inchi. Ukienda Kariakoo utapewa M8, maana kipenyo kinakaribiana: milimita 7.94 na 8. Umbali wa jino hadi jino ndio unaotofautiana, 1.06 dhidi ya 1.25. M8 itashika mzunguko mmoja au miwili, halafu itagoma; ukiilazimisha kwa spana inakula meno ya kiunzi, na kiunzi hakina spea. Tunza bolti ya asili. Ikipotea, mpelekee fundi wa mashine wa mtaa wa Gerezani sampuli ya mkononi, usimwelezee kwa mdomo.

Kupanga: upinde umebanwa wima kwenye jiliwa lenye mpira, na pimamaji limethibitisha. Mshale ukilala, unapaswa kukatiza katikati ya tundu la bolti, na mkia wake nyuma kwenye upote uwe kwenye usawa huo au juu kidogo, usizidi milimita 3. Kutoka ukuta wa kiunzi hadi katikati ya mshale tumeanzia milimita 20.6. Hicho ni kianzio tu, na kila kiwanda kina chake.

Sasa mishale. Iliyokuja na upinde ina milimita 650, ikafaa kilalio cha zamani. Juu ya koo haifai hata kidogo: upote ukivutwa, ncha inaanguka nyuma ya kilalio, na ukiachia inaingia mkononi. Tunataka mti wa mshale upite kilalio kwa milimita 25 angalau, kwa hiyo 692 na kuendelea. Mti mrefu hupinda zaidi, basi soma upya jedwali la ugumu wa mishale kabla ya kununua.

Kilalio chenyewe ni cha kuanguka mshale unapotoka, kinachovutwa juu na kamba iliyofungwa kwenye kebo inayoshuka. Kinapaswa kumaliza kunyanyuka kwenye sentimita 2.5 hadi 5 za mwisho za mvuto. Kikinyanyuka mapema, kinachelewa kuanguka na manyoya yanakigonga. Kikichelewa, mshale hautulii unapolenga. Pakaza poda ya mtoto kwenye manyoya, piga mshale mmoja, kisha tazama ilipofutika.

Jaribio la karatasi, yaani kupiga mshale upenye karatasi ili mchaniko uonyeshe unavyoruka, linafanyika kwa gazeti kwenye fremu, mita 2 mbele ya mpigaji, na viroba vilivyoshindiliwa vipande vya mitumba mita 2 nyuma yake. Mkia ukichana juu ya ncha, pandisha kilalio au shusha kitanzi cha upote. Ukichana pembeni, angalia kwanza mkono: vidole vikiukaba mpini, hakuna skrubu itakayosaidia. Mkono ukiwa sawa, sogeza kilalio nusu milimita kwa wakati. Mchaniko ukizidi, rudi upande wa pili.

Skrubu ndogo za chuma hupata kutu haraka kwa hewa ya bahari, hivyo zinapakwa mafuta ya cherehani. Upinde hauachwi kwenye gari lililofungwa juani, kwa sababu nyuzi za upote hurefuka kwa joto na vipimo vyote hapo juu vinaharibika.

Kamba ya kilalio bado haijafungwa moja kwa moja. Imeshikwa kwa fundo la muda, kwani upote mpya hunyooka kwanza, na fundo la kudumu litasubiri utulie.