Kifungo kisicho na shingo

Koti lilikuwa la sufu, zito, la mitumba ya Gikomba, na Julai ya Nairobi ilikuwa imeshika kweli. Kifungo cha katikati kikang'oka nikishuka matatu. Jioni nikakishona mwenyewe, nikavuta uzi mpaka kifungo kikalala kwenye kitambaa kama kimegandishwa. Siku ya tatu kikatoka tena, mara hii na nyuzi za sufu, kikiacha tundu dogo kwenye koti.

Fundi mzee mwenye cherehani barazani, karibu na River Road, alilitazama akaguna. "Umekinyonga, kijana. Shingo iko wapi?"

Upande wenye tundu la kifungo una unene wake, na unene huo hukaa chini ya kifungo koti likifungwa. Ukikosa nafasi, yaani shingo ya uzi kati ya kifungo na kitambaa, kifungo huvuta kitambaa hadi kikachanika.

Alikata uzi wa polista wa kama sentimita 90, akaukunja ukawa dhiraa moja, akauburuza juu ya kipande cha mshumaa ili usijisokote. Akafunga vifungo vingine, kisha akatia alama kwa pini kwenye ncha ya tundu la kifungo iliyo karibu na ukingo wa koti. Mimi nilikuwa nimekadiria kwa macho, ndiyo maana koti lilikaa upande.

Juu ya kifungo akalaza njiti ya kiberiti, uzi ukipita juu yake, mara tatu kwa kila jozi ya matundu. Kwa ndani, palipochanika, akaweka kiraka na kifungo bapa cha shati, sindano ikipita vifungo vyote viwili. Mvuto sasa ungebebwa na hicho cha ndani, si na sufu. Akachomoa njiti, akakiinua kifungo, akatoa sindano kati yake na kitambaa, akazungusha uzi mara sita. Shingo ikasimama. Akaichoma shingo yenyewe mara mbili, akapiga fundo kwa ndani. Njiti akairudisha kiberitini.

Shati jepesi halihitaji njiti, pini inatosha.

Kifungo cha chini kilikuwa kimelegea. Akanipa sindano. Nikalaza njiti mbili, nikidhani nafasi zaidi ni uimara zaidi. Kifungo kikaning'inia kama hereni. Mzee hakusema kitu. Alichukua wembe, akakata uzi wote, akanisogezea mshumaa.